Toa ya Kale Kwanza

Wasee, kuna ushauri unazunguka na mimi siukubali: "Wewe weka tu mpya juu ya ile ya zamani, itajipanga." Haijipangi.

Chukua Go, ile lugha ya programu iliyoanzia Google. Kwa Linux unapakua faili ya tar, unaifungua ndani ya /usr/local, na folda ya go inatokea hapo. Wenye Go wenyewe wameandika wazi kwa maelekezo yao: futa folda ya zamani kwanza, usifungulie mpya ndani yake. Mbona? Kwa sababu tar hubadilisha faili zenye majina yale yale, lakini zile ambazo toleo jipya liliacha haizigusi. Zinabaki tu hapo kama vitu vya mpangaji aliyehama. Kompaila ikija inasoma za leo na za zamani pamoja, inakuta kitu kimoja kimetangazwa mara mbili, halafu inakutupia makosa ya faili ambazo hujawahi hata kufungua.

Hii ndiyo huniuma. Mtu amejibana akanunua bando, anajifunza usiku, anaona hayo makosa anasema, "Hii kitu haikuumbiwa mimi." Kumbe programu yake haina shida yoyote, ni mabaki tu.

Sasa anza na type -a go. Ukiona /usr/bin/go pamoja na /usr/local/go/bin/go, uko na Go mbili, na terminali inaitikia ile inayotangulia kwa PATH. Ya /usr/bin mara nyingi ililetwa na apt, kwa hivyo itoe na apt. Ya /usr/local ndiyo unatoa kwa mkono:

sudo rm -rf /usr/local/go

Hapa pole pole, aki. Nafasi moja ikiingia baada ya /usr, umeiambia mashine ifute /usr yote, na rm haina pipa la taka la kurudia. Soma mara mbili ndio ubonyeze Enter. Kazi zako hazitaguswa, labda kama ulizihifadhi ndani ya folda hiyo, na sijui nani alikushauri.

Fungua mpya, kisha uliza go version. Bado inataja namba ya zamani? Bash hukumbuka njia ya amri uliyotumia mapema. Andika hash -r, ama ufungue terminali nyingine, kabla uanze kulaumu lapi.