Tulitafuta Farasi Tabora

Kwa muda mrefu sebuleni kwetu ilining'inia kalenda ya zamani. Miezi yake ilikwisha kupita, lakini hatukuitupa kwa sababu ya picha yake. Farasi watatu wamesimama katika nyasi ndefu, jua linazama nyuma yao, na singa za shingo zao zinang'aa kama nyuzi za dhahabu. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka 13, ameipenda picha hiyo tangu alipokuwa mdogo. Basi tulipowaambia watoto kwamba likizo ya mwezi wa sita tutakwenda Tabora kumwona bibi yao, yeye hakuuliza tutaondoka lini. Aliuliza, "Tabora kuna farasi?"

Hatukuwa na hakika ya jibu. Tulimwambia achukue ile simu yetu yenye kamera nzuri, na kama farasi wapo, atawapiga picha jioni kama wale wa kwenye kalenda.

Tulitoka Dodoma alfajiri kwa basi, tukapita Manyoni na Itigi. Siku hizi barabara ni ya lami, na mtu aliyeondoka asubuhi hulala Tabora. Misafara ya zamani ilipita katika nchi hii hii, ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora, kisha Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulitumia karibu miezi mitatu. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na pori lenye sifa mbaya lililoitwa Mgunda Mkali, ambako watu walikwenda siku nyingi bila kuona kijiji, huku maji yakiwa ya shida. Sisi tulilivuka tumekaa, tukitafuna karanga na kulalamika kwamba viti vya basi vimebana.

NCHI ISIYOLEA FARASI

Tabora ni mji wa miembe. Iko kando ya barabara, uani mwa nyumba na mbele ya shule, na mingine ni mikubwa kiasi kwamba watu wanne wakishikana mikono ndipo wanaweza kuizunguka. Waarabu na watu wa pwani ndio walioieneza miembe katika njia ya misafara. Chini ya vivuli vyake tuliona baiskeli zenye mizigo, pikipiki, mbuzi, na akina mama wakiuza asali. Farasi hatukumwona hata mmoja.

Sababu yake ni mdudu mdogo, mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mapori ya miombo yanayoizunguka Tabora ndiyo makao yake. Mbung'o akimwuma mnyama humwambukiza ugonjwa wa nagana. Wanyama wa porini wameuzoea na huishi nao, lakini farasi hudhoofika upesi, akakonda na kufa. Ndiyo maana hata leo farasi wachache walioko Tanzania utawakuta mahali kama Arusha, ambako watalii huwapanda, au katika kikosi cha farasi cha polisi.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa tatu mwaka 1871 kwenda kumtafuta Dk. David Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, hata hajaiacha mbali nchi ya pwani. Punda ni mgumu kidogo kuliko farasi, lakini wengi wa punda wake nao waliishia njiani.

Binti yetu aliposikia hayo aliuliza swali ambalo lilitufanya tunyamaze: "Sasa mizigo ilibebwa na nani?"

Ilibebwa na watu. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilisafiri juu ya mabega. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake na chakula chake. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wote. Na wengi wao hawakwenda peke yao. Wake zao walifuata msafara wakiwa na vyungu na chakula kichwani na mtoto mgongoni. Jioni mwanamume alipotua mzigo wake kambini, mwanamke alitua wa kwake, kisha akaanza kutafuta kuni na maji.

MWANAMKE WA KWIHARA

Siku ya pili tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Hapo ndipo ilipokuwa tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 baada ya kutoka Ujiji. Nyumba imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Ina kuta nene za udongo, paa la bapa na ua katikati, na ukiingia ndani unasikia ubaridi hata saa sita mchana. Stanley aliondoka hapo mwezi wa tatu, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi mwezi wa nane. Hawakuonana tena.

Katika nyumba ya Livingstone alikuwapo mwanamke aliyeitwa Halima, mpishi wake. Livingstone alimtaja na kumsifu katika shajara yake. Halima aliondoka naye Kwihara, akatembea naye mpaka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mahali alipofia mwezi wa tano mwaka 1873. Watu wake waliukausha mwili wa bwana wao, wakauchukua kwa miguu kurudi pwani. Walipita tena hapa Kwihara, na mwezi wa pili mwaka 1874 wakafika Bagamoyo. Karibu miezi tisa njiani! Wengi wetu tumesoma shuleni juu ya Susi na Chuma. Lakini Halima naye alikuwamo. Alimfuata marehemu hadi Unguja, na mhariri aliyechapisha shajara hizo aliandika kwa masikitiko kwamba utumishi wake wa muda mrefu haukulipwa kitu.

Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakapigwa picha, na picha hizo zipo katika vitabu mpaka leo. Picha ya Halima sisi hatujapata kuiona. Tulitoka katika ile tembe tukiwa tunafikiri, na binti yetu, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, alitembea kimya hadi barabarani.

SAA YA MWANGA MZURI

Nyumbani kwa bibi ni nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. "Mwangaluka mayu," tulimwamkia asubuhi, naye akacheka kwa jinsi watoto walivyokuwa wakiyatamka maneno. Mama hana farasi, lakini ana punda jike wa kijivu, mwenye mstari mweusi uliopita mgongoni na kushuka mabegani kama msalaba. Binti yetu alimtazama akasema, "Basi huyu ndiye farasi wangu."

Alijaribu kumpiga picha saa saba mchana. Punda alionekana kama kipande cha jiwe, macho yake mashimo meusi, na ardhi nyeupe kama unga. Jua la utosini halina huruma na sura ya kiumbe yeyote. Tulimwambia angoje jioni.

Akina mama wenzetu wanaopenda kuwapiga watoto wao picha watafaidika na hili. Jua linapokaribia kuzama, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, ikabaki ile ya manjano na nyekundu. Tena mwanga huja kwa ubavu, hivyo unaonyesha kila unyoya, kila mkunjo wa ngozi, na vumbi lenyewe hugeuka kuwa pazia la dhahabu. Wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa mashambani huufanya mwanga huo uwe mwekundu zaidi. Tabora iko magharibi, kwa hiyo jua lake huzama karibu dakika 25 baada ya lile la Dar es Salaam. Lakini likishazama, giza huja haraka. Saa nzuri ni ile moja tu kabla ya magharibi, na anayechelewa amekosa.

Tulijifunza mambo machache. Ukitaka rangi ya mnyama ionekane, jua liwe nyuma yako au ubavuni. Ukitaka manyoya yake yawake pembeni, simama upande ambao jua liko nyuma yake, lakini ujikinge kwa kivuli cha mti ili mwanga usiingie moja kwa moja kwenye kioo cha kamera. Piga magoti uwe sawa na macho yake. Zima taa ya kamera. Na usimkimbilie. Punda akiona umetulia, naye hutulia.

PUNDA ANATAKA KUUZWA

Jioni ya tatu ndipo tulipoambiwa habari ambayo hatukuijua. Baba mdogo wa watoto alikuwa amepata mtu wa kumnunua yule punda kwa bei nzuri. Mnunuzi hakuwa mkulima. Alitaka ngozi. Ngozi za punda husafirishwa hadi China, ambako huchemshwa na kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Biashara hiyo imemaliza punda wengi katika Afrika, maana punda hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja tu. Mwezi wa pili mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Lakini vijijini wanunuzi wa gizani bado wapo.

Hatuwezi kumlaumu shemeji yetu. Ana watoto watatu shuleni, na fedha alizoahidiwa zingemaliza deni lake lote. Wanaume walizungumza mkekani, wakapiga hesabu. Mama alikuwa akichambua mboga, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Punda akiondoka, maji ataleta nani?"

Hakuna aliyejibu. Kisima kiko mbali, kwenda na kurudi ni saa nzima. Punda huleta madumu manne kwa safari moja. Kichwa cha mwanamke huleta dumu moja. Yaani safari moja ya punda ni safari nne za Mama, ambaye magoti yake yameanza kuuma, au za mke wa shemeji, ambaye ana mtoto mchanga mgongoni. Katika hesabu yote iliyopigwa mkekani, safari hizo hazikuwamo.

Kesho yake saa kumi na mbili jioni Mama alikuwa anatoka kisimani. Jua lilikuwa nyuma yao, miembe imekuwa myeusi, na vumbi limepanda hadi magotini mwa punda. Binti yetu alikuwa amepiga magoti kando ya njia. Mama alipomwona alijifunika uso kwa khanga. "Mjukuu wangu, mpige punda. Mimi nimechakaa." Mtoto hakubishana. Alisema tu, "Bibi, wewe endelea kutembea," akangoja. Mama akajisahau, akaweka mkono wake shingoni mwa punda kama alivyozoea, na hapo ndipo kamera ilipolia.

Usiku tuliipitisha ile simu mkononi mwa kila mtu. Katika maisha yake yote Mama alikuwa amepigwa picha za vitambulisho tu, uso umekakamaa mbele ya kitambaa cha buluu. Aliitazama hii kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na taa. Mwisho akasema, "Kumbe ndivyo tulivyo." Shemeji naye aliitazama, akairudisha bila kusema neno.

Asubuhi tulikaa tena mkekani, safari hii wanawake pia. Tuliigawa ile ada katika mafungu matatu. Sisi tulichukua moja, dada yao aliyeko Nzega akaombwa kwa simu achukue la pili, na shemeji akabaki na la tatu. Haikuwa rahisi kwetu. Mwezi uliofuata tulikula mchicha kuliko nyama. Lakini punda alibaki.

Tuliporudi nyumbani tuliishusha kalenda ya zamani. Ukutani sasa yupo bibi na punda wake, wameandamana kwenye njia ya vumbi ambayo wengi waliipita kabla yao wakiwa na mizigo mizito. Wageni huuliza ni mahali gani penye mwanga mzuri namna hiyo. Tunawajibu kwamba ni Tabora, na kwamba mwanga huo hauna gharama, kila jioni upo.

Na wewe msomaji wetu mpendwa, yuko nani nyumbani kwako anayebeba bila kuonekana? Jioni ya leo, kabla jua halijazama, mtoe nje, mpige picha. Kisha mpokee mzigo.