Garimoshi Letu Dogo Lapanda Mlima

Je, umepata kuendesha baiskeli kupanda mlima? Mwanzoni miguu hukanyaga kwa wepesi. Kadiri mlima unavyozidi kuwa mkali, ndivyo miguu inavyozidi kuwa mizito, na mwishowe hushuka ukaikokota baiskeli kwa mikono. Garimoshi haliwezi kukokotwa hivyo. Likishindwa kupanda, husimama pale pale. Nitakusimulia jinsi nilivyojifunza jambo hilo kwa garimoshi dogo lenye uzito wa gramu 650, na jinsi garimoshi hilo lilivyonifunza jambo jingine ambalo sikulitazamia.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Mjomba wangu alirejea kutoka masomoni Ujerumani, akaniletea zawadi: garimoshi dogo la umeme pamoja na vipande vya reli. Lilikuwa na kichwa kimoja na mabehewa manne. Garimoshi la kweli la aina ile lingekuwa kubwa mara 87 kuliko lile. Nafasi baina ya vyuma viwili vya reli yake ilikuwa milimita 16.5. Zidisha kwa 87, nawe utapata takribani milimita 1,435. Huo ndio upana wa reli mpya ya Tanzania ambayo treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Nikaamua kwamba darasa langu litaonyesha garimoshi linalopanda mlima. Tulichukua ubao wenye urefu wa sentimita 240 na upana wa sentimita 120, tukapanga reli juu yake kwa umbo la tarakimu 8. Reli yote ilikuwa na urefu wa mita 6 hivi. Mahali zilipokutana njia mbili tulijenga daraja, ili njia moja ipite juu na nyingine ipite chini. Daraja hilo lilihitaji kimo cha sentimita 8, kwani mabehewa yangegonga kama lingekuwa chini zaidi.

Ukali wa mlima hupimwa hivi: tazama reli inakwenda mbele kiasi gani, na katika mwendo huo inapanda juu kiasi gani. Reli ikipanda sentimita 1 katika mwendo wa sentimita 100, huo ni mwinuko wa 1 kwa 100, yaani asilimia 1. Mimi nilitaka stesheni kubwa yenye nyumba, miti na bustani. Stesheni ilichukua mahali pengi, na mlima ukabakiwa na sentimita 100 tu. Basi reli yetu ilipanda sentimita 8 katika sentimita 100. Huo ulikuwa mwinuko wa 8 kwa 100.

Jioni ya kuamkia siku ya wazazi tulilijaribu garimoshi. Penye tambarare lilikwenda vizuri. Lilipofika mlimani, magurudumu ya kichwa yalizunguka upesi upesi, lakini garimoshi halikusogea. Magurudumu yalikuwa yanateleza. Nilipoondoa mabehewa mawili, lilipanda. Lakini nilikwisha kuwatangazia watu kwamba litapanda na mabehewa yote manne, nami sikutaka kuaibika.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka huinamisha kichwa. Kando ya reli tulikuwa tumejenga mlima wa karatasi na gundi. Nilisimama nyuma yake. Garimoshi lilipoanza kupanda, nilipenyeza kidole changu kwa siri nikalisukuma behewa la mwisho hadi darajani. Wazazi walipiga makofi. Wanafunzi nao walipiga makofi, isipokuwa msichana mmoja mpole aliyekaa upande wa dirishani.

Watu walipoondoka, msichana yule alinijia na daftari lake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, nimeandika kwamba garimoshi lenye mabehewa manne limepanda mwinuko wa 8 kwa 100. Je, niandike na kidole?"

Niliona haya. Badala ya kumjibu, nilimkaripia na kumwamuru akafagie maabara. Alikwenda bila kusema neno. Usiku ule usingizi haukunijia upesi. Kila siku nilikuwa nikiwaambia wanafunzi waandike yale waliyoyaona, wala si yale waliyotaka kuyaona. Mmoja wao alifanya hivyo hasa, nami nikampa adhabu.

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa zima nikasema, "Jana garimoshi halikupanda. Mimi ndimi niliyelisukuma." Kisha nilimwomba radhi msichana yule. Darasa lilikuwa kimya. Baadaye mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza, "Sasa tufanye nini, Mwalimu, ili lipande lenyewe?" Hilo ndilo swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo.

Tulianza kwa kupima. Kichwa kilikuwa na uzito wa gramu 250, na kila behewa gramu 100. Jumla ilikuwa gramu 650. Katika mwinuko wa 8 kwa 100, kila gramu 100 za garimoshi huvutwa nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa gramu 8. Kwa hiyo garimoshi letu zima lilivutwa nyuma kwa nguvu ya gramu 52 hivi. Tena mabehewa yana msuguano wake. Tuliyavuta penye tambarare kwa mizani ya springi, tukaona yanahitaji nguvu ya gramu 10. Gramu 52 na gramu 10 ni gramu 62.

Kisha tulifunga kichwa kwa uzi kwenye mizani ile ile, tukawasha umeme. Kichwa kilivuta hadi gramu 50, halafu magurudumu yakaanza kuteleza. Jibu likawa wazi. Mlima wetu ulidai nguvu ya gramu 62, na kichwa kiliweza kutoa gramu 50 tu. Mota haikuwa mbovu, wala reli hazikuwa mbovu. Kosa lilikuwa katika mlima nilioujenga mimi.

Tulivunja sehemu ya stesheni, tukaurefusha mlima uwe na sentimita 160. Kimo kilibaki sentimita 8, kwa hiyo mwinuko ukawa wa 5 kwa 100. Tulipiga hesabu: gramu 32 na nusu za kuvutwa nyuma, na gramu 10 za msuguano. Jumla ni gramu 42 na nusu, ambazo ni chini ya 50. Kwa hesabu, garimoshi lilipaswa kupanda. Tulipolijaribu, mara lilipanda, mara liliteleza. Tulichunguza tukaona kwamba huteleza penye kona. Katika kona kingo za magurudumu husugua upande wa reli, na msuguano huongezeka. Hesabu yetu ilikuwa imesahau kona. Pia tulikuta mafuta na vumbi juu ya reli, tukavifuta kwa kitambaa safi.

Tukaurefusha mlima tena, ukawa na sentimita 200. Sasa mwinuko ulikuwa wa 4 kwa 100, na nguvu ya kuvuta nyuma ikapungua hadi gramu 26. Garimoshi lilipanda bila kuteleza hata penye kona. Tulishangilia, lakini furaha haikudumu. Kila lilipofika chini ya mlima au juu kileleni, kulabu za mabehewa ziliachana, na mabehewa ya nyuma yakateremka peke yake. Mara moja yalikwenda kasi mno, yakaacha reli na kuanguka sakafuni. Behewa moja lilivunjika kulabu, ikatubidi kuitengeneza kwa waya.

Safari hii msichana yule wa daftari ndiye aliyegundua sababu. Aliweka rula juu ya reli mahali tambarare inapokutana na mlima. Rula iligusa pande zote mbili, lakini katikati palionekana mwanga. Reli ilikuwa imekunjika ghafla kama kiwiko cha mkono. Behewa moja lilipokuwa limeinua kichwa na jingine likiwa bado limelala, kulabu moja ilikuwa juu na nyingine chini, zikaachana. Mlima haufai kuanza ghafla wala kuisha ghafla.

Mara ya nne tuliupa mlima sentimita 240. Sentimita 40 za kwanza zilipanda polepole, kwa mwinuko wa 2 kwa 100. Sentimita 160 za katikati zilipanda 4 kwa 100. Sentimita 40 za mwisho zilirudi kuwa 2 kwa 100, kisha reli ikalala sawa juu ya daraja. Tulikata nguzo 12 za mbao na kuziweka kila baada ya sentimita 20. Vimo vyake kwa milimita vilikuwa hivi: 4, 8, 16, 24, 32, 40, 48, 56, 64, 72, 76 na 80. Nguzo iliyozidi kidogo tuliipunguza kwa msasa, na iliyopungua tuliitilia kipande cha karatasi ngumu. Tulipitisha pima maji juu ya mataruma ili reli isilale upande mmoja.

Kisha nikaweka mikono yangu yote miwili mgongoni, wanafunzi wote wakiiona, nikamwambia mmoja wao awashe umeme. Garimoshi lilianza kupanda taratibu na mabehewa yake manne. Lilipita darajani, likateremka, likazunguka na kupanda tena. Msichana yule alihesabu mizunguko 20, akaiandika daftarini. Stesheni yangu nzuri ilikuwa imebakiwa na nyumba moja na mti mmoja, na hakuwapo mzazi wa kutupigia makofi. Hata hivyo, hiyo ndiyo siku niliyofurahi zaidi katika ualimu wangu.

Wajenzi wa reli za kweli hukutana na tatizo hili hili. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Wajenzi wake walipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, waliukuta mteremko mkali mno. Kwa muda waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, hadi walipomaliza njia ndefu yenye mteremko wa taratibu. Nayo reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, hupita madaraja na mahandaki mengi baina ya Mlimba na Makambako ili ipande kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Reli nyingi kuu hazizidi mwinuko wa mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Hapo njia ndefu ndiyo njia nyepesi, na hakuna kidole cha kusukuma.

Kazi ya kufanya

1. Chukua ubao, vitabu, mpira mwembamba wa kufungia na kigari kidogo cha kuchezea. Inua upande mmoja wa ubao kwa kitabu kimoja. Funga mpira kwenye kigari, ukivute polepole kupanda ubao. Pima urefu wa mpira ukiwa umenyooka. Rudia kwa vitabu viwili, kisha vitatu. Andika ulichokiona.

2. Barabara inapanda mita 6 katika mwendo wa mita 150. Je, mwinuko wake ni asilimia ngapi?

3. Kwa nini magurudumu ya kichwa yaliteleza ingawa mota ilikuwa nzima?

4. Jaribio lako likishindwa, utaandika nini katika daftari? Eleza sababu.

Angalizo: Usitumie umeme wa nyumbani katika majaribio haya.