Keki Ndogo za Avwani na Ndizi: Mtoto Asiende Masomo na Chai Tupu

Sisi ni wamama wa Kadutu, hapa Bukavu. Wengi mumetuuliza habari ya zile keki ndogo ambazo watoto wetu wanabeba asubuhi. Leo tunawaeleza namna tunazipika, na pia namna tulifikia kuzipika, kwa sababu hilo la pili ndilo lilikuwa gumu.

Mwalimu alimwita mmoja wetu. Hakumwita kwa utundu wa mtoto. Alimwambia: "Mama, mtoto wako ana akili, lakini ikifika saa nne kichwa kinaanguka juu ya meza." Mama huyo alileta neno hilo kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, siku ya likelemba, akasema wazi: "Asubuhi ninampa chai na sukari, basi." Kukawa kimya. Kisha mwingine akasema, "Na kwangu ni hivyo." Na mwingine tena. Tuko wamama 18, na kabla ya mkutano kwisha, 7 walikuwa wamesema. Tunauza sokoni pamoja, tunalia matanga pamoja, lakini hakuna aliyejua watoto wa mwenzake wanakula nini asubuhi. Njaa ya jioni majirani wanaiona, maana moshi hautoki. Ile ya asubuhi inajificha ndani ya kikombe cha chai.

Chai yenye sukari inampa mtoto nguvu ya muda mfupi, kisha njaa inarudi na yeye yuko katikati ya hesabu. Tena chai inazuia mwili kuchukua vizuri madini ya chuma yaliyo ndani ya nafaka na maharagi, na chuma ndiyo inasaidia kutengeneza damu. Tunda lenye vitamini C, kama nanasi, papai au marakuja, linafanya kinyume chake: linasaidia chuma kuingia. Kwa hiyo tulikubaliana: asubuhi nafaka na tunda, chai ingojee saa moja hivi baada ya kula.

Avwani, ambayo wengi wanaiita Quaker kwa jina la kopo, ina nyuzinyuzi zinazokuwa nzito kama uji zikikutana na maji. Zinakaa tumboni, zinashuka polepole, na mtoto anashiba kwa muda mrefu zaidi kuliko akila mkate mweupe. Ubaya wake ni bei. Inatoka mbali, na njia ikiharibika na mvua, bei inapanda. Ndiyo maana tunachanganya nusu avwani na nusu unga wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi inasumbua tumbo na inazuia mwili kuchukua protini.

Mmoja wetu alipinga: "Hicho ni chakula cha wazungu." Mama mkubwa wa kikundi akamjibu: "Ndizi ni za Kabare, nanasi limetoka Idjwi, unga ni wa kwetu. Mzungu yuko wapi hapo?" Tukacheka, kazi ikaanza.

Kwa keki 12 tunatumia: kikombe 1 cha avwani, kikombe 1 cha masoso, kikombe 1 cha unga wa ngano, vijiko vidogo 3 vya levire ya keki (siyo ile ya mikate), nusu kijiko kidogo cha chumvi, mayai 2, kikombe 1 na nusu cha maziwa, robo kikombe ya mafuta, ndizi tamu 4 zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, na kikombe 1 cha nanasi lililokatwa vipande vidogo na kukamuliwa maji. Sukari hatuweki, utamu wa ndizi unatosha.

Lowesha avwani na masoso ndani ya maziwa dakika 15. Ponda ndizi, changanya na mayai na mafuta, mimina humo. Mwisho weka ngano, levire, chumvi na nanasi. Koroga kidogo tu mpaka unga mkavu usionekane, maana ukikoroga sana keki inakuwa ngumu.

Furu hatuna. Tunachukua sufuria kubwa, tunaweka mchanga mkavu chini na mawe matatu madogo juu yake, tunaifunika na kuiweka juu ya mbabula mpaka ipate moto. Kisha tunapanga vikopo vilivyooshwa vizuri, tumevitandika majani ya ndizi, kila kimoja kimejaa hadi robo tatu. Tunafunika, tunaweka makala kidogo juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa tunachoma kijiti katikati ya keki. Kikitoka kikavu, zimeiva.

Makala ndiyo yanakula pesa. Kwa hiyo nyumba nne zinapika pamoja kwa mbabula moja, Jumapili na Jumatano jioni. Hapa palitokea jambo la pili gumu. Mama mmoja aliacha kuja kwa sababu hakuwa na yai wala maziwa ya kuleta. Tulimfuata kwake, tukapanga hivi: mwenye mayai alete mayai, mwenye ndizi alete ndizi, na asiye na kitu alete mikono yake, aponde, aoshe vikopo, alinde moto. Zikiiva, tunagawa kwa hesabu ya watoto. Nani ameleta nini, hatuulizi. Leo mama huyo ndiye anajua moto wa makala kutupita sisi wote.

Keki hizi zinakaa siku mbili, zikifunikwa na kitambaa safi mahali penye baridi. Mtoto ambaye hajafika miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Na anayependa kuweka asali, asimpe mtoto ambaye hajafika mwaka 1, inaweza kumletea ugonjwa mkali.

Yule mtoto wa kwanza sasa hasinzii tena darasani. Lakini mwingine wa kikundi aliendelea kusinzia hata alipokuwa anakula vizuri. Tulimpeleka kituo cha afya, wakakuta minyoo, wakampa dawa. Chakula hakiponyi kila kitu. Ila mtoto akishakula vizuri na bado ni mchovu, unajua haraka kwamba ni lazima kumpeleka kupimwa.

Wamama, katika mkutano wenu unaokuja, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, ulizaneni polepole na bila kuchekana: mtoto wako alikula nini leo asubuhi?