Mzio wa Kileo

Katika karamu ambamo pombe huandaliwa, mtu anayekataa bilauri hana budi kutoa sababu. Akisema kuwa dini imemkataza, wenzake humwachia kwa heshima. Akisema kuwa tabibu amemzuia mpaka amalize dawa, humwonea huruma. Lakini akisema kuwa mwili wake wenyewe haukipokei kinywaji kile, hucheka, humsogezea bilauri karibu zaidi, na kumwambia kuwa anakosa mazoea tu. Nimekuwa mtu huyo wa tatu kwa muda wa miaka ishirini, na neno hilo la mazoea nimelisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma.

Adui yangu si kileo chenyewe. Mbege ya Kilimanjaro, ambayo hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, naweza kunywa kata moja nikaondoka salama. Bia ya shayiri ndiyo isiyonitaka: kabla bilauri haijafika nusu midomo hufura, mabaka ya kuwasha huota shingoni, na pumzi huwa fupi. Shayiri na shairi ni majirani katika sikio la mwalimu wa lugha. Nashukuru kuwa la pili halijanidhuru. Huu ndio mzio hasa: kinga ya mwili huidhania protini ya nafaka kuwa adui, ikaipiga vita. Kwa wengine sababu huwa ngano, zabibu au hamira. Wako pia wenye pumu ambao hubanwa kifua na salfaiti zitiwazo katika mvinyo ili usiharibike. Kwa mwenye mzio hata funda moja halina dhamana, na koo likianza kuziba, njia ni ya hospitali.

Hali ya pili aghalabu huchanganywa na hii, ijapokuwa asili yake ni mbali. Ini hugeuza kileo kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kingine huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisichodhuru. Katika Uchina, Japani na Korea, watu wengi mno, yapata theluthi moja au zaidi, wamerithi kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu. Sumu hulimbikana, uso huwa mwekundu, moyo huenda mbio, kichwa huuma. Mwaka 1948 Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark walitangaza habari za disulfiramu, dawa inayoleta mateso hayohayo kwa kukizuia kimeng'enya kile. Walikuwa wameijaribu juu ya nafsi zao kwa matumaini ya kutibu minyoo. Kileo kidogo kikawafunulia jambo jingine, na dawa ikaenda kuwasaidia walevi kuacha ulevi. Basi lile ambalo mlevi hupewa kwa kidonge, wengine wamezaliwa nalo, nao ndio wanaoambiwa wajizoeze! Ushauri huo ni mbaya. Mtu wa namna hii akiendelea kunywa hujiongezea sana hatari ya saratani ya umio, na vidonge vya kuficha wekundu wa uso haviondoi sumu iliyo ndani.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na neno. Mzio, ambalo leo husikika hospitalini, ni jina la zamani la chakula ambacho mtu au ukoo wake hakili. Aliyesema kuwa samaki fulani ni mzio wake hakudaiwa ushahidi. Mwenyeji alitafuta kitoweo kingine. Neno tumelihamishia zahanati, na heshima yake tumeisahau njiani.

Tumeisahau, lakini si sote. Katika harusi moja mzee mwenye nyumba aliniletea bia kwa mkono wake. Nikamwambia, "Mzee wangu, shayiri ni mzio wangu." Aliiondoa bila swali, akamwita mjukuu wake aniletee dafu. Kijana aliyeketi kando yangu, mwenye shahada mbili, ndiye aliyetaka kujua nimepimwa wapi.