Fumbo Lililotufumbua Macho

Jioni za Juni na Julai hapa Sumbawanga zina baridi ya kuuma mifupa. Uwanda wa Ufipa uko juu, na upepo ukianza kuvuma kutoka milima ya Mbizi, kila mtu hukimbilia ndani. Watoto wakishakunywa uji wa ulezi hawana pa kwenda, na hapo ndipo ugomvi huanza. Kwa sababu hiyo sisi wazazi tuliamua, miaka michache iliyopita, kuwakusanya mezani kujaza fumbo la maneno, lile ambalo magazeti huliita chemshabongo.

Fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, Mwingereza aliyehamia Marekani, nalo lilitolewa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Sisi hatungoji gazeti. Tunachora visanduku kwenye daftari la hesabu. Leo hutunga mzazi, kesho mtoto, na wengine hujibu.

Tumecheka sana na tumekosea sana. Neno ng'ombe lilituletea ubishi wa jioni nzima: je, ile alama ya juu nayo ipewe kisanduku chake? Tulikubaliana kwamba haipewi. Siku nyingine kijana wetu wa kwanza alitupa kidokezo, "Hutolewa na anayeoa", herufi sita. Sisi wakubwa tukaandika MAHALI, tena kwa kalamu ya wino. Likatoshea kabisa! Lakini kwenye herufi ya tano lilianza neno la kushuka chini, nalo ni ziwa letu la bondeni, likasomeka LUKWA. Watoto walitucheka mpaka machozi yakawatoka. Tangu siku hiyo tunatumia penseli, na neno haliaminiwi mpaka yale yanayolikata yakubaliane nalo.

Laiti tungalikuwa na uangalifu huo kwa binti yetu wa pili!

Alikuwa darasa la nne. Kila muhula ripoti ilikuja na maneno yale yale: hanakili kazi ubaoni, anazungumza na wenzake. Barabarani alipita watu wazima bila kuwaamkia, tukaambiwa ana kiburi. Tulitafuta jibu tukalipata upesi: mvivu, tena hana adabu. Lilitoshea kila mahali. Tukamnyima michezo, tukamsema mbele ya ndugu zake na, tunaona haya kukiri, tukamchapa.

Mezani mambo yake yalikuwa ya ajabu. Akisomewa kidokezo, alijibu kabla ya wote. Akiulizwa visanduku viko vingapi, alibahatisha. Tulidhani anafanya mzaha. Jioni moja ndugu zake walilala mapema. Akalivuta daftari kwake, akaliinamia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akajaza fumbo zima bila kosa.

Tulitazamana. Mmoja wetu ni muuguzi mwenye miaka mingi kazini. Amewapima watoto wa wenzake wasiohesabika, na wa kwake hakumwona.

Kwenye kliniki ya macho alisimamishwa mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi. Aliitambua ile kubwa ya juu tu. Mtoto alikuwa haoni mbali, na kwa kuwa hakuwahi kuona vingine, alidhani kila mtu huona hivyo. Darasani alizungumza na wenzake ili wamwambie kilichoandikwa ubaoni. Jibu lilikuwa MACHO, si MVIVU.

Siku alipopewa miwani tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alisimama, akatazama juu, akasema, "Mama, kumbe majani ya mti yanaonekana hata ukiwa mbali?" Hatukuwa na la kumjibu. Usiku ule tulimwomba radhi, sote wawili, mbele ya ndugu zake, kwa maana mbele yao ndipo tulipomsema.

Akina mama wenzetu, kosa la daftarini unaweza kuurarua ukurasa ukaanza upya. Jina baya ulilompa mtoto haliondoki kwa urahisi huo. Mtoto akisoma kitabu kikiwa karibu sana na uso, akikunja macho kutazama mbali, akinakili kwa jirani yake badala ya ubaoni, au akilalamika mara kwa mara kwamba kichwa kinamwuma, mpeleke akapimwe macho kabla hujamwita mvivu.

Kwetu mchezo unaendelea, na siku hizi binti huyo ndiye mtunzi mkuu. Juzi alitupa kidokezo hiki: "Nafaka ya uji, na pia kazi ya mzazi", herufi tano. Tulikaa kimya kwa muda kabla ya kushika penseli. Jibu tunawaachia ninyi.