Dada wa Mwanga, Kigoma, na Gitaa Linalosubiri Mwezi

Wadau, ukitaja "panki" hapa Bongo, watu wazima wanakumbuka mtindo wa nywele. Ukitaja "mapanki" kule Mwanza, wanaelewa unaongelea mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Sasa kuna dada mmoja pale Mwanga, Kigoma, yeye kwake panki ni muziki: gitaa la umeme, ngoma za fujo, na mtu anayeimba kama anagombana na mwenye nyumba.

Kibarua chake ni uwakala wa pesa za simu. Gitaa alilinunua kwa mpiga solo wa kwaya aliyekuwa anahama mji, akawa analipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Amplifaya hakuwa nayo. Fundi redio akang'oa ya redio ya gari bovu, akaiunga na spika iliyochanika. Wewe ungeitupa. Kumbe mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana spika yake kwa wembe, makusudi kabisa, ili apate ule mkwaruzo ambao panki walikuja kuurithi.

Tuje kwenye umeme. Kigoma imeishi na majenereta ya dizeli miaka mingi, kwa hiyo giza si habari. Dada anategemea betri ya volti 12 ya mjomba wake, ile ya taa za kuvulia dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inalala Kibirizi, betri inalala nyumbani, na majirani ndiyo wanamkoma.

Betri yenyewe imechoka, inashika nusu saa tu. Ukipiga seben ya Kikongo, ambayo ndiyo gitaa linaloeleweka ziwani huku, chaji inakata ndio kwanza wanenguaji wanapasha misuli. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya 1976, ina nyimbo 14 na zote zinaisha ndani ya huo muda. Kodi tatu (si zile za TRA), mchezo umekwisha.

Mama yake alimuuliza, mtoto wa kike na makelele hayo wapi na wapi? Akamwonyesha kwenye simu picha ya Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex ya London, meno yamefungwa vyuma, baba yake Msomali. Mama akaitazama weee. "Hata kwao huyo walimshindwa."

Wimbo alioupenda kuliko yote ni wa jirani zetu Crystal Axis wa Nairobi, unaomsema Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake binafsi. Anga likiwa safi, milima ya Kongo anaiona kutoka ufukweni.

Halafu ukaja 2024. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Miezi mitatu betri ipo nyumbani! Ila mjomba hana kipato, na kibandani wateja wake wengi ni wavuvi na wauza dagaa, sasa nani atume pesa asiyokuwa nayo? Mwezi wa pili familia ikakaa kikao.

"Mwanangu, hilo gitaa tuliuze," mjomba akasema.

Hakubisha. Asubuhi akaenda sokoni, akarudi na unga, mafuta ya kula na kitochi. Gitaa lilikuwa bado limetundikwa ukutani. Alichouza ni simu janja, na nyimbo zake zote humo ndani, na picha ya Poly Styrene.

Tangu hapo hana cha kuigiza. Anapiga anavyokumbuka, akisahau anajaza lake, na wimbo wa kwanza kutoka kwenye kusahau huko ameuita "Mapanki". Una dakika moja na nusu. Mama anasema hauna kichwa wala miguu, ila juzi amesikika akiuimba akiosha vyombo.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti, betri ikarudi mtumbwini. Mjomba akamletea dada kisado cha dagaa, hakusema ni cha nini.