Nilimkatiza Baba alipofika tisa

Kosa ni langu. Kwa miezi saba nilimsemea Baba, fundi cherehani aliyevalisha nusu ya mtaa wetu, kana kwamba ni mtoto aliyepotea sokoni.

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kikamwachia mkono wa kulia uliolegea na maneno yasiyofika. Akitaka maji, "kesho". Akitaka redio, "kesho". Daktari alituambia hiyo ni afasia: lugha imeumia, akili anayo. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikarudi nyumbani kufanya kinyume. Mgeni akimsalimu, najibu mimi. Akianza neno, namalizia, tena mara nyingi namalizia silo. Nilijiambia namsaidia. Kusema kweli, ule ukimya wake kabla ya neno ulinitia aibu mbele za watu.

Siku moja mwalimu mstaafu, mteja wa miaka mingi, alituma kitambaa cha shati. Daftari la vipimo silioni. Nikamuuliza Baba, nusu utani, mkono wa mwalimu ni inchi ngapi.

"Moja," akaanza. "Mbili. Tatu."

Alipofika tisa nikamkatiza. "Basi Baba, pumzika." Nikamgeukia mdogo wangu, Baba akisikia, nikasema mzee kashachanganyikiwa. Nikakisia 22, nikakata.

Shati likarudi na mwenyewe ndani yake, mikono imeishia juu ya vifundo. Mwalimu hakunitazama. Alikaa kwenye benchi karibu na Baba. "Fundi, mkono wangu ulikuwa inchi ngapi vile?"

Moja, mbili. Nikafungua mdomo, mwalimu akaninyooshea kiganja. Kumi na tano. Mkono wa kushoto wa Baba ulikuwa unagonga goti kwa kila namba. Ishirini na mbili, akaipita bila kusita. Ishirini na nne. Akanyamaza, akanitazama.

Mwalimu akavuta futi kamba, akajipima. Inchi 24.

Namba ikiwa peke yake ilikuwa haimtoki. Ilibidi aifuate kuanzia moja mpaka aikute. Mtaalamu wa usemi alinieleza baadaye kwamba yale tuliyoyazoea kwa mfululizo, kama kuhesabu, siku za wiki au sala, mara nyingi hubaki hata maneno mengine yakigoma. Akanisimulia pia kuhusu mgonjwa wa daktari Paul Broca, Paris, mwaka 1861: alibaki na "tan" karibu kwa kila jibu, na bado alielewa mengi aliyoambiwa. Mimi wangu alikuwa na "kesho", na sikumwamini.

Kitambaa nililipa. Lakini tangu lile "pumzika" Baba alikuwa ameacha hata kujaribu kusema nami. Alinyoosha kidole tu, nami nikidhani ugonjwa unazidi. Ilichukua miezi kadhaa kabla hajaanza tena kunihesabia mimi.

Siku hizi vipimo anatoa yeye. Kiuno cha inchi 38 kina safari yake, na mteja mwenye haraka namwelekeza kwa fundi wa jirani.